MSIMU WA BANYAMBALA: TUKUYU STARS NA UBINGWA WA 1986

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi na wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Ngana. Msemaji ni mwanachama mwenzetu, mtumishi wa Serikali.)

Naona ninyi wanafunzi wa leo mmeshaanza kutazama saa kwa sababu ya mechi ya saa kumi.

Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumzie "nafasi ya michezo katika elimu". Ndugu zangu, mimi nimekaa ofisini miaka karibu ishirini, na nimeandika taarifa nyingi zenye vichwa vya namna hiyo. Nazijua. Zinaanza kwa kusema michezo hujenga mwili na kumalizika kwa kuomba fedha. Kwa hiyo nimemwomba Katibu radhi, naye amenikubalia nizungumzie msimu mmoja tu wa mpira, wa mwaka mmoja tu, na baadaye niseme jambo langu moja ambalo limenikaa moyoni tangu nikiwa kidato cha tatu.

Msimu wenyewe ni ule wa mwaka 1986, wakati Tukuyu Stars, timu ya hapo juu tu kwa jirani zetu, ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara.

Naona wazee wanatikisa vichwa. Wanafunzi wanatazamana. Basi nitaeleza.

Ligi ambayo leo mnaiita Ligi Kuu, wakati ule iliitwa Ligi Daraja la Kwanza. Tangu ilipoanza mwaka 1965, ubingwa ulikuwa kama mali ya Dar es Salaam. Sunderland, ambao baadaye waliitwa Simba, waliuchukua, Yanga wakauchukua, Cosmopolitans wakauchukua mara moja mwaka 1967, Pan African nao mwaka 1982. Wote hao wa pale pale mjini. Kabla ya 1986 ni timu moja tu ya mkoani iliyokuwa imekwisha kuuondoa ubingwa Dar es Salaam, nayo ni Mseto ya Morogoro, mwaka 1975. Halafu ndipo watoto wa Tukuyu, kutoka mji mdogo wa mvua na ukungu chini ya Mlima Rungwe, wakapanda daraja, na katika msimu wao wa kwanza kabisa kwenye ligi hiyo wakamaliza wakiwa juu ya wote.

Tafadhali mlitafakari jambo hilo. Si kwamba walipanda, wakakaa miaka mitano, wakajifunza, halafu wakashinda. Walipanda na kushinda. Mwaka ule ule dunia nzima ilikuwa ikitaja jina la Maradona, aliyewapa Waargentina Kombe la Dunia kule Mexico. Wazee wa hapa wananiambia kwamba katika vilabu vya pombe vya Kyela jina hilo lilitajwa pia, lakini halikutajwa mara nyingi kama la Banyambala. Hilo ndilo lilikuwa jina la timu kwa lugha ya nyumbani. Kwa wageni wasiojua Kinyakyusa, maana yake ni wanaume.

Jambo la timu kupanda na kushinda papo hapo ni nadra mahali popote. Kule Uingereza Nottingham Forest walipanda mwaka 1977, na mwaka 1978 wakawa mabingwa. Kule Ujerumani Kaiserslautern walifanya hivyo mwaka 1998. Timu hizo zimeandikiwa vitabu. Sisi tunao ushindi wa namna hiyo hiyo mwendo wa saa chache kutoka hapa, na nimeuliza wanafunzi wanane jana jioni bwenini: wawili tu ndio walikuwa wamesikia. Mmoja kati ya hao wawili alidhani Tukuyu Stars ni bendi ya muziki.

Mimi mwenyewe sikuiona timu ile ikicheza. Mwaka 1986 nilikuwa na miaka mitano, sijaanza hata darasa la kwanza. Ninachokumbuka ni redio. Baba alikuwa na redio moja ya mbao iliyokuwa ikitumia betri kubwa, na betri mwaka ule zilikuwa adimu kama sukari na sabuni. Vijana wa leo hamwezi kuelewa uhaba wa miaka ile. Mtu alikuwa akienda dukani akakuta rafu tupu, na mwenye duka ameketi tu kama mgeni. Basi baba alikuwa akizianika betri juani juu ya mkeka, pembeni ya mpunga, ili zipate nguvu kidogo za kumaliza dakika tisini. Kazi yangu ilikuwa kuzilinda kuku wasizidonoe na watoto wenzangu wasizichukue. Ikifika saa kumi wanaume walijaa chini ya mwembe wetu kumsikiliza mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, na mara nyingi betri zilikufa kipindi cha pili. Hapo ndipo fujo ilipoanza, maana kila mmoja alimalizia mechi kwa namna alivyotaka.

Nimekwisha kusikia maelezo mengi juu ya siri ya ushindi ule. Wako wanaosema ni uchawi. Samahani wazee wangu, lakini hilo mimi silikubali. Kama uchawi ungekuwa unaleta ubingwa, mikoa mingine ninayoifahamu ingekuwa nao kila mwaka. Wengine wanasema ni mvua ya Tukuyu na baridi yake, kwamba wageni kutoka pwani walitetemeka. Inawezekana ilisaidia kidogo. Lakini ubingwa wa ligi haupatikani kwa kushinda nyumbani tu, na kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, katika miaka ambayo mafuta ya gari yalitafutwa kwa barua ya mkubwa. Timu ya mkoani ndiyo iliyokuwa ikichoka njiani kuliko wengine.

Maoni yangu, na ni maoni tu, ni kwamba jambo kubwa lilikuwa hili: vijana wale walikuwa bado hawajachukuliwa. Wakubwa wa mjini hawakuwa wamewajua. Timu ya mkoani ikiwa na wachezaji wazuri saba au wanane kwa wakati mmoja, kwa kawaida watatu huwa wamekwisha kuitwa Dar es Salaam kabla hawajazoeana na wenzao. Tukuyu Stars walipanda upesi mno hata wakubwa hawakupata muda wa kufungua pochi. Walikuja kuamka msimu umekwisha na kombe liko Rungwe.

Hapa niweke sawa jambo moja, kwa kuwa najua katika mkutano huu wapo wanaopenda ubishi. Ukifungua orodha fulani za mabingwa utakuta mwaka 1986 limeandikwa jina la Majimaji ya Songea, na utadhani nimewadanganya. Sivyo. Miaka ile kulikuwa na ligi ya Bara, na kulikuwa na Ligi ya Muungano ambamo timu za Bara zilikutana na za Zanzibar kumpata bingwa wa Muungano. Majimaji ndio walioshinda ile ya Muungano, mwaka 1985 na tena 1986. Ya Bara ya 1986 ni ya Tukuyu Stars. Kwa hiyo mwaka ule mataji yote mawili yalikuwa huku kusini, moja Rungwe na jingine Songea. Sidhani kama hali hiyo imewahi kuonekana tena.

Naam, na baada ya hapo? Mwaka 1987 Yanga waliurudisha ubingwa mjini. Mwaka 1988 Coastal Union ya Tanga wakauchukua, mwaka 1999 na 2000 wakauchukua Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani. Na tangu Mtibwa, ndugu zangu, hadi kufikia msimu wa 2024/25, hakuna timu ya mkoani iliyoshinda tena. Ni Simba, Yanga, na Azam mara moja. Robo karne nzima.

Sisi wa huku tulikaribia mara moja. Wanafunzi wa kidato cha sita mnaweza kukumbuka kusimuliwa na kaka zenu juu ya Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, chini ya kocha Juma Mwambusi. Nao walipanda, na katika msimu wao wa kwanza, wa 2013/14, wakashika nafasi ya tatu kwa pointi 49. Simba walikuwa nyuma yao, wa nne. Mimi siku ile ya Aprili 2014 nilikuwa Uwanja wa Sokoine, nimeomba ruhusa kazini kwa sababu ambayo sitaitaja hapa mbele ya wanafunzi. Azam walikuja Mbeya wakihitaji ushindi ili wawe mabingwa, wakashinda 2 kwa 1, wakamaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja. Niliona watu wazima wakilia. Nilitoka pale nikiwa na furaha kubwa na huzuni kubwa kwa pamoja, kwa sababu nilijua kitakachofuata. Na kweli, hawakufika pale tena. Mwaka 2023 waliteremka daraja, wakakaa huko chini hadi walipopanda tena kwa ajili ya msimu wa 2025/26.

Tukuyu Stars nao hivyo hivyo. Baada ya ubingwa wachezaji walitawanyika. Salum Kabunda, kwa mfano, yule beki ambaye washambuliaji walimwogopa, wengi wa nchi hii wanamkumbuka kwa jezi ya Yanga, na si kwa ya Tukuyu. Simlaumu hata kidogo. Mchezaji naye ana tumbo, ana wazazi, na miguu yake haina miaka mingi. Timu yenyewe haikudumu juu, na leo haimo katika Ligi Kuu.

Mnaona basi kwamba habari hii haikuisha vizuri kwa mji. Lakini tujiulize, iliisha vizuri kwa mchezaji? Mmoja akiitwa mjini akafanikiwa, jina lake tunalijua. Wale wengine walioitwa wasifanikiwe, nani aliyeandika majina yao? Hapa ndipo nafika kwenye jambo langu.

Mwaka 1997 tulikuwa kidato cha tatu hapa hapa. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, winga wa kushoto. Wa darasa langu mnamjua, sina haja ya kumtaja, naye ameniruhusu niseme. Alikuwa akikimbia na mpira pembeni kabisa ya chokaa kama anayetembea juu ya ukuta. Vijana wa ng'ambo ya Mto Songwe, ndugu zetu wa Malawi, walikuwa wakija kucheza nasi na wakimwekea watu wawili, na hawakumuweza. Katika mashindano ya shule alionekana na mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa ni wa klabu fulani ya mjini. Klabu hiyo naiacha bila jina. Mtu yule alimwambia, "Njoo wiki ijayo, utalala pazuri, utapewa viatu, shule utamalizia huko huko."

Baba yake alikataa. Alikuwa mkulima wa kakao, mzee mpole, lakini siku ile hakuwa mpole. Alisema mtoto amalize kidato cha nne kwanza, kisha aende popote anapotaka, hata Ulaya. Akasema pia neno ambalo wakati ule tulilicheka, kwamba yule mgeni ameahidi mengi lakini hakuandika lolote.

Mwenzetu alinijia usiku bwenini. Hakunijia kwa sababu mimi nilikuwa rafiki yake mkubwa, hapana. Alinijia kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, mwandiko wa mtu mzima. Nami nikaandika. Niliandika barua kwa Mwalimu Mkuu wa wakati ule, kana kwamba ni baba yake anayeandika, nikiomba mtoto aruhusiwe majuma mawili kwenda kumwuguza bibi yake. Niliweka hata sahihi. Nilijisikia shujaa. Nilijiona kama ndiye niliyekuwa nikimpeleka Yanga au Simba kwa mkono wangu mwenyewe, na kichwani mwangu nilikuwa nikiisikia redio ya baba chini ya mwembe ikitangaza jina la mtu wa Ngana.

Majuma mawili yakawa miezi saba. Alicheza mechi ambazo hesabu yake haizidi vidole vya mikono miwili. Kisha akaumia goti mazoezini. Klabu haikumpeleka hospitali; ilimpa nauli, tena isiyofika hadi Kyela. Kutoka Mbeya alikuja kwa kupakiwa juu ya magunia ya saruji. Aliporudi, nafasi yake shuleni ilikuwa imekwisha kufutwa kwa utoro, kama taratibu zilivyotaka, na hakuna aliyevunja taratibu. Baba yake hakumkaripia. Alimwuliza jambo moja tu: nani aliiandika ile barua. Mwenzetu hakusema. Hakusema hadi mzee yule alipofariki, wala hakunisema mimi kwa mtu yeyote hata nilipokuwa Chuo Kikuu nikirudi likizo na viatu vyangu vya kung'aa nikimkuta anaanika kakao.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kutubu hadharani kwa ajili ya kupunguza mzigo wangu. Limo jambo katika ajenda ya mchana huu. Nimeona lipo pendekezo kwamba fedha za mfuko wetu za mwaka huu zitumike kununulia jezi seti tatu, kombe, na zawadi za mchezaji bora. Silipingi pendekezo; jezi zilizoko nimeziona, zinatia aibu. Naomba tu tupunguze. Seti moja badala ya tatu. Na kombe tuchonge kwa fundi wa hapa hapa badala ya kuagiza. Kinachobaki tukiweke kando kwa kazi mbili. Ya kwanza, mwanafunzi wa shule hii akiitwa na timu yoyote, yeye na mzazi wake wapatiwe mtu wa kuusoma mkataba pamoja nao kabla sahihi haijawekwa. Siku hizi mikataba ipo, tofauti na zamani, lakini nimesoma miwili ya vijana wa wilaya hii, na wa pili ulikuwa na kifungu kinachosema mchezaji akiumia atajitibu mwenyewe. Kijana alikwisha kuweka sahihi. Kazi hiyo ya kusoma nitaifanya mimi, bure, na yupo mwanachama mwenzetu mwanasheria aliyeniahidi kusaidia. Ya pili, ada na gharama za kurudi darasani kwa yule atakayerudi. Namna ya kumrudisha aliyeacha masomo imewekwa wazi na Serikali tangu 2021. Kinachokosekana kwa kawaida ni fedha za sare, daftari na chakula, na aibu ya kijana mwenyewe.

Najua Mweka Hazina atasema fedha ni kidogo. Ni kweli, ni kidogo. Lakini waliorudi nao ni wachache, nimewahesabu na Mwalimu wa Michezo: kwa miaka sita iliyopita ni watatu.

Ninyi wanafunzi mnaocheza leo, nawaombeni msielewe kwamba nawakataza. Akija mtu kuwaita, nendeni. Banyambala wasingekuwa mabingwa kama wote wangekaa nyumbani kuchuma ndizi. Ila barua ziandikeni kwa mwandiko wenu wenyewe.

Nimalizie kwa jambo dogo. Juzi nilipofika nilimwomba Mwalimu Mkuu aniruhusu nitazame mafaili ya zamani yaliyoko stoo. Panya wamekula mengi. Faili la darasa letu lipo, na barua ile imo, imetobolewa tundu mbili pembeni kama barua zote za heshima, na pembeni Mwalimu Mkuu wa wakati ule ameandika kwa wino mwekundu, "Ameruhusiwa. Bibi apewe pole." Kwa ruhusa ya ofisi nilipata nakala, na leo asubuhi nilimpelekea mwenzetu nyumbani kwake. Yupo pale nyuma, karibu na mlango, kwa sababu goti halipendi viti vya katikati. Aliisoma polepole yote. Kisha akaniambia kwamba mwandiko wangu wa wakati ule ulikuwa mzuri kuliko huu ninaoandikia kadi za michango siku hizi, na akaniuliza kama saa kumi nacheza au nimeshazeeka.

Nacheza. Nipo golini.